Pikapu ya Mama na Maji ya Mlimani

Mama yangu hawashi gari kabla halijamsalimia. Jioni anapoliegesha hutandaza boksi tupu chini ya injini, na asubuhi huinama, mkono mmoja kiunoni, akalikagua boksi lile kwa makini. Tone jeusi ni oili. Tone la maji ni rejeta. Tone jepesi la mafuta karibu na gurudumu, hilo ni la breki, na siku hiyo hatuendi popote hata kama padri anatusubiri. Boksi likiwa kavu hunyanyuka, hulipiga boneti kofi dogo na kusema, "Marahaba." Nimelizoea jambo hilo tangu utoto na bado hunichekesha kila nikiliona.

Gari lenyewe ni pikapu nyeupe, au tuseme iliwahi kuwa nyeupe. Baba aliinunua Songea ikiwa imeshachoka mikononi mwa watu tusiowajua, akaileta nyumbani upande wa Matiri wakati mimi nasoma shule ya msingi, na kijiji kizima kikaja kuishika. Yeye ndiye aliyemfundisha mama kuendesha, kwenye uwanja wa mpira wa shule, na watu walijipanga pembeni kucheka. Mama ni Mnyasa wa ziwani aliyeolewa mlimani kwa Wamatengo, na huko kwetu iliaminika kwamba Mnyasa akitoka kwenye mtumbwi hajui kitu. Aliuzunguka uwanja ule mpaka wachekaji wakachoka wakaenda kupika. Baba alipofariki, wengi walisema pikapu nayo itamfuata, na hapo ndipo walipokosea.

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri jinsi mama anavyolitunza gari lile bila kuonekana ninajisifia wazazi wangu. Basi acha nionekane. Ninajivunia mama yangu, na wenye kununa wanune.

Pale Mbinga mjini kuna mzee mwenye duka la spea, mtu mwenye asili ya pwani, mcheshi, kofia haimtoki kichwani. Akimwona mama anaingia, hufunika uso kwa viganja.

"Mama, leo umekuja kununua au umekuja kunitembelea tu?"

"Nimekuja kukusalimu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Basi leo watoto wangu watalala na njaa."

Mama hufungua fundo la kanga na kutoa kipande kilichofunguliwa na fundi, kimesafishwa kwa petroli mpaka kinang'aa. Swali lake ni lilelile siku zote: "Hiki kimekwisha kweli, au kimechoka tu?" Na yule mzee, ambaye angeweza kudanganya akauza, hukigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Mara nyingi humrudishia na kumwambia kaza hapa, badilisha kipira hiki kidogo, kitatembea. Nadhani alikuwa mkweli kwake kwa sababu mama naye hakubishana naye penye haki yake. Ikifika habari ya breki, mama hakuuliza cha bei nafuu. "Breki ni roho," alikuwa akisema, "na roho haitafutiwi punguzo."

Upande wa mzigo ndiko alikojipatia maadui. Gari likijaa kwa kipimo chake, limejaa. Unaweza kuwa mjumbe wa parokia, unaweza kuwa umebeba gunia la maharage la kumlipia mtoto ada, atakwambia kwa upole kwamba atarudi kukuchukua kesho. Watu walinuna. Walisema yule mama wa Kinyasa ana roho ya korosho. Wenye magari mengine walipakia mpaka tairi zikabonyea, wakapita wakimpungia mkono, na baada ya muda unayakuta magari yao yameegeshwa kwenye gereji ya chini ya mti, kuku wanataga ndani yake. Mama hakuwacheka, alipita taratibu akawapungia mkono vilevile.

Na kuna mteremko. Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay sasa ni lami, barabara inajikunja na kujikunja huku ziwa likionekana chini, na madereva wengi wakifika pale huachia gari lishuke fri, gia imetolewa, ili kuokoa mafuta. Mama hushuka na gia nzito, injini inanguruma kwa hasira, nyuma wanapiga honi. Mimi sina subira, damu yangu ya moto. Safari moja nilimwambia, "Mama, si uachie tu kidogo, tunachekwa." Akanijibu bila kuondoa macho barabarani, "Mafuta nitakayookoa hapa nitayalipa huko chini kwa breki. Wacha wacheke, mwanangu, meno ni yao." Tulipofika bondeni tulimkuta mmoja wa wapiga honi, aliyekuwa ametupita kwa kasi, amesimama kando, magurudumu yanafuka moshi, anayamwagia maji ya kunywa.

Sababu ya safari hizo zote alikuwa bibi, mama yake mama. Bibi anaishi ufukweni, kupita Liuli kidogo, katika nyumba ambayo ukifungua dirisha unalisikia ziwa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na presha yake haitulii, na daktari aliyemwanzishia dawa yuko Mbinga, akataka amwone kila mwezi. Tulimwomba ahamie kwetu. Alijaribu. Alikaa mlimani muda mfupi akiwa amejifunika blanketi mchana kweupe, akilalamika kwamba baridi ya Umatengo inaingia mpaka kwenye meno, na kwamba hawezi kulala mahali pasipo na sauti ya maji. Alipoanza kukataa kula, mama akamrudisha. Kwa hiyo ilibidi gari lishuke na kupanda, kila mwezi, kumleta bibi kliniki, kumlaza kwetu siku mbili tatu na kumrudisha kwenye ziwa lake. Basi lipo, sikatai, lakini basi haliendi mpaka mlangoni kwa bibi, na bibi hawezi tena kutembea kulifuata. Mpango wote ule ulisimama juu ya pikapu moja kuukuu.

Ndiyo maana masika yale tulitetemeka springi zilipoanza kukatika.

Ilikatika ya nyuma kushoto. Fundi akabadilisha bamba lililovunjika. Haukupita muda, ikakatika tena, palepale. Halafu bushi, vile vipira vya kuungia springi, zikaisha, halafu shokapu ikaanza kuvuja, zote upande wa kushoto. Gari likawa linapiga kelele ambazo ungezisikia tangu njia panda, ngo-ngo-ngo, kama mtu anayebeba masufuria kwenye gunia. Bibi akija alikuwa anashika mlango kwa mikono miwili, anaguna kwa kila shimo, na akifika nyumbani anabebwa kuingizwa ndani kwa sababu mgongo umekataa. Nilimwona mama siku moja amesimama nyuma ya gari amelishika bodi, ametulia tu. Nilijua analia, na sikumsogelea.

Kwetu bado tuna sengu. Wamatengo wengi siku hizi wameiacha, lakini ukoo wetu, Jumapili baada ya misa, kila nyumba huleta ugali wake na mboga yake kwenye uwanja wa baba mkubwa, tunakula pamoja, na wakubwa wanazungumza mambo ya nyumbani. Baba mkubwa ni kaka yake marehemu baba, ndiye mkuu wa ukoo, na neno lake juu ya mali ya ndugu yake lina uzito. Jumapili moja ya masika yale alinawa mikono, akakohoa, akasema pikapu iuzwe.

"Shemeji, nakuheshimu," alimwambia mama. "Umelitunza gari la mdogo wangu kuliko mwanamume yeyote ambaye angelitunza. Lakini limezeeka. Linakula hela ya kahawa ya watoto. Tuliuze lingali linatembea, kabla halijawa chuma chakavu."

"Na mama yangu, shemeji?"

"Tutamleta akae. Atazoea baridi."

Nilifungua mdomo. Mama alinifinya paja chini ya kanga, na mama akifinya anafinya. Akasema, "Nimekusikia, shemeji. Nipe mpaka mvua ziishe. Zikiisha na gari bado linavunjika, uliuze, sitasema neno." Baba mkubwa akaafiki, na watu wote wakaona amesema kiungwana. Mimi nililala nimevimba kwa hasira, kwa sababu nilijua bibi hatazoea baridi yoyote, atajikunja kwenye blanketi lile mpaka aishe.

Kesho yake mama hakwenda kwa fundi wala kwa mzee wa spea. Alivaa buti za baba, akachukua mwavuli na kutembea. Nikamfuata nikilalamika. Alikwenda taratibu kutoka nyumbani hadi njia panda, akitazama chini kama anayetafuta hereni iliyopotea. Njia ya kuingia kwetu imekatwa kwenye ubavu wa mlima, juu shamba, chini bonde. Ukiacha vishimo vya kawaida, palikuwa na mahali pamoja tu pabaya, korongo lililoikata njia upande wa juu, pale ambapo gurudumu la kushoto halina budi kupita wakati wa kurudi. Mama akachuchumaa, akatumbukiza mkono. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko.

"Gari haliumwi," akasema. "Njia ndiyo inayoumwa. Unaona? Tunanunua springi, tunakuja kuzivunjia hapa. Spea ya gari hili haiuzwi dukani."

"Basi tulifukie."

"Tulishafukia mwaka jana. Maji yalirudi." Akainua uso kulitazama shamba la juu, na mimi nikatazama, nikaelewa, nikaanza kucheka kicheko kibaya.

Lilikuwa shamba la baba mkubwa.

Ni lazima nieleze kitu ambacho kwetu hakielezwi, maana kila mtoto amezaliwa nacho. Milima yetu ni mikali, na babu zetu waliilima kwa ngolo. Mwezi wa tatu wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza chini katika miraba, kisha wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Mlima mzima unabaki na vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila kishimo kinakamata maji yake na kuyanywa polepole. Nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Ukilima ngolo, udongo wako haushuki kwenda kwa jirani. Lakini ngolo ni kazi, inataka watu wengi. Baba mkubwa watoto wake walikuwa wameondoka kwenda mjini, nguvu zimepungua, na miaka ya karibuni alikuwa analima matuta ya harakaharaka yaliyonyooka kutoka juu hadi chini. Maji yalishuka katika matuta yale kama kwenye mabomba, yakatua njiani kwetu. Aliyetaka pikapu iuzwe kwa kuwa inavunjika, shamba lake ndilo lililokuwa linaivunja.

"Jumapili namwambia," nilisema. "Mbele ya sengu nzima. Namwambia kwa sauti."

"Ukimwambia atafanya nini?"

"Ataona aibu!"

"Akiona aibu, atachimba ngolo?" Mama alisimama, akajifuta tope. "Mzee amechoka, mwanangu. Hana watu. Mtu mzima hazibiwi ufa kwa kupigiwa kelele."

Sikukubali. Lakini alikuwa ameshaanza kutembea, nikamfuata.

Alichofanya bado nakitafakari mpaka leo. Baada ya kliniki ya mwezi ule alishuka ziwani kumrudisha bibi, akiendesha pole kuliko maiti inavyobebwa, na akapanda na kapu la samaki wa mbasa waliobanikwa na gunia la dagaa. Akasaga mahindi. Akapika togwa na kuagiza pombe kwa jirani anayeijulia. Kisha akaenda kwa baba mkubwa, akapiga goti kama anavyopiga siku zote, akamwomba ruhusa ya kuita ngokela. Ngokela ni wito wa kazi: unapika, watu wanakuja na majembe, shamba linalimwa siku moja, na kesho wewe utakwenda kwa mwingine. Baba mkubwa akauliza, ngokela ya shamba gani, wakati la kwake mama limeshalimwa?

"La kwako, shemeji. Mume wangu angekuwepo angekufyekea. Hayupo, na mimi ndiye niliyebaki na deni lake la udugu. Nataka shamba lile la juu lirudi kwenye ngolo kama alivyokuwa akilima babu."

Mzee aligeuza uso, akaangalia kahawa zake. Akasema, "Wewe mama. Haya, waite watu."

Watu walikuja. Walikuja wale waliopakiwa bure wakienda hospitali, akaja yule mwenye gunia la maharage aliyeachwa akanuna, akaja na wanawe. Wanaume walifyeka na kulaza nyasi huku wakipigana vijembe kuhusu nani kapinda mraba. Wanawake tukashika majembe tukafuata, na mama Mnyasa, mama wa mtumbwini, alikuwa mstari wa mbele, vishimo vyake vimenyooka kuliko vya wenyeji. Mtu mmoja akamtania, "Shemeji, unatafuta samaki humo?" Akajibu, "Nawachimbia bwawa, maana mmeshindwa kuja ziwani." Hata baba mkubwa alicheka akiwa ameegemea jembe lake. Alasiri, watu walipokuwa wanangoja chakula, mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kwa vile tupo wengi, tungeokota mawe tukajaza lile korongo la njiani. Likajazwa kabla ugali haujaiva. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini siku ile nilikuwa nimesahau kwamba vidole vingine vipo, vinangoja tu kuitwa.

Baba mkubwa alikuwa amesimama njiani wakati mawe yanapangwa. Nilimwona anageuka kutazama shamba lake jipya, halafu anatazama korongo, halafu tena shamba. Akainama, akaokota jiwe kubwa kuliko umri wake ulivyoruhusu, akaliweka mwenyewe. Pale hasira yangu yote iliisha, sijui ilikwenda wapi.

Mama akanunua springi kwa mara ya mwisho. Mzee wa duka alipotaka kumtania alimwona usoni akaacha, akachagua nzuri, akampa na bushi moja juu yake. Kisha tukasubiri mvua za mwezi wa nne. Zilinyesha zile zinazozima sauti ya radio. Kila zikikatika mama alivaa buti za baba akaenda njiani, na kila aliporudi nilimwangalia miguu. Tope lilikuwa limeishia kwenye soli. Kule juu ngolo zilikuwa zimejaa maji mpaka ukingoni, zinameremeta, na njia yetu ilikuwa imelowa tu.

Jumapili ya mwisho ya mvua tulikuwa tunapanda na bibi. Tulipofika njia panda bibi aliyumba kidogo, akashika mlango kwa mikono miwili kama alivyozoea, akafumba macho kungoja. Gari likapita juu ya mawe. Likaendelea. Hakukuwa na ngo-ngo-ngo. Baada ya muda nikaona mikono ya bibi imelegea ikateremka mapajani, kichwa kikaegemea kioo. Nilishtuka, nikamsogelea puani. Alikuwa anakoroma.

Watu wa sengu walikuwa wameshakaa na masinia yao. Mama akaingiza gari uwanjani, akazima injini, hakufungua mlango. Baba mkubwa aligutuka alipotuona, akaja mbio kidogo.

"Mmefika saa ngapi? Sijasikia gari!"

Mama alimwonyesha bibi kwa kidevu tu. Mzee akachungulia dirishani, akamwona bibi, mwanamke ambaye hakupata kulala mlimani, amelala mdomo wazi, kanga imemteleza begani. Akapitisha mkono taratibu akairudisha kanga mahali pake. Kisha akageukia ukoo mzima, watoto, masinia na kelele zote, akainua kiganja.

"Nyamazeni," akasema. "Ugali ungoje. Mama yetu amelala."

Ugali ukapoa, na hakuna aliyenyanyua tonge mpaka bibi alipoamka mwenyewe.